Koti la Marehemu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kushonea, Mama Vifungo humfunga marehemu mume wake mkanda wa tumbo. Marehemu husimama katikati ya chumba, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mama Vifungo huuzungusha mkanda ule alioushona mwenyewe kwa kitambaa cha suruali za shule, huukaza, humwambia ashushe pumzi, kisha huukaza tena. Akimaliza humfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, kwa sababu vidole vya Marehemu havisikii tena kitu kidogo kama kifungo.

"Usikaze sana," alisema Marehemu asubuhi hiyo. "Nitakufa."

"Hilo ulishalimaliza," alijibu Mama Vifungo, pini ikiwa mdomoni. "Geuka."

Mtu mwenyewe alikuwa mzima. Alikula, alikoroma, na alilalamika kila chai ilipokosa sukari. Aliyekufa ni yule wa kwenye makaratasi, na huyo alikuwa amekufa kisawasawa, kwa amri ya mahakama na mhuri juu yake.

Ilikuwa hivi. Miaka mingi nyuma, Marehemu akiwa mwashi hodari, aliaga kwamba anakwenda kujenga bwawa huko mbali na atarudi baada ya msimu mmoja. Zikaja salamu mara mbili, kisha kimya. Baadaye zikafika habari kwamba jukwaa la mafundi limeanguka kule bwawani na watu wamekufa, ila hakuna aliyejua ni akina nani. Mama Vifungo akangoja. Angengoja hadi leo kama watu wa manispaa wasingepita kupima viwanja. Walisema kila mwenye kiwanja aje asaini mwenyewe, au kije cheti chake cha kifo. Vikikosekana vyote viwili, kiwanja kinarudi serikalini. Mume hakuwepo na cheti hakikuwepo. Basi akaenda mahakamani kumuua.

Kumuua hakukuwa rahisi. Kesi iliahirishwa mpaka akajuana na mfagiaji wa mahakama. Tangazo lilitolewa gazetini: kama yu hai, ajitokeze. Hakujitokeza. Alikuwa nchi ya pili, kwenye matanuri ya chokaa, na gazeti kule, kama alivyokuja kueleza, lilikuwa la kuwashia moto. Mwenyekiti wa mtaa akasimama akaapa kwamba mtu huyu amefariki, hakimu akakubali. Mama Vifungo alilia siku ile kuliko siku aliyosikia habari za jukwaa. Akagawa nguo za mumewe, akasaini kiwanja, akajenga vyumba viwili kwa jasho la cherehani, akamwoza binti yao mbali.

Kisha mwaka huu, mchana wa jua kali, marehemu akaingia uani na mfuko wa plastiki mkononi, akaomba maji ya kunywa.

Majirani walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Vijana wa mtaa wakambandika jina la Marehemu, nalo likamganda. Mwenyewe hakuficha kitu. Bwawani hakukaa hata mwezi. Matanurini walimzuilia mshahara, akangoja walipe, na walipolipa zilikuwa za kula tu. "Kila mwaka nilisema nirudi na kitu," alimwambia mkewe. "Mwishowe nimerudi na ngiri." Mama Vifungo alimpokea. Hasira alikuwa nayo na bado anayo, ila ilikuwa imechoka kama yeye mwenyewe. Hata kugombana kunataka nguvu.

Sasa hiyo ngiri ndiyo iliyowatoa nyumbani. Uvimbe ulikuwa umekua hadi Marehemu akikohoa anaushika kwa mikono miwili. Hospitali ya serikali ilikuwa na daktari wa upasuaji aliyepita kwa nadra kama mvua ya kiangazi, na keshokutwa angekuwepo. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba majina yanafungwa leo jioni, na asiye na kitambulisho haandikwi. Na wakikosa safari hii? "Utumbo ukijinyonga kabla daktari hajarudi," alisema muuguzi, "mama, mimi nisikudanganye."

Ofisi ya vitambulisho ilikuwa imejaa hadi nje. Walipata nafasi kwenye benchi lililowekewa matofali badala ya mguu mmoja. Marehemu alikaa upande, mkono tumboni, akitazama ukuta mbele yake.

"Hii plasta ilipigwa na mtu mwenye haraka," alisema. "Ona, imeanza kubanduka."

"Nyamaza na plasta za watu."

Karani wa dirishani alikuwa dada mmoja mwenye miwani na mafua yasiyokwisha. Aliwafahamu, hii haikuwa mara yao ya kwanza.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Tujaribu tena?"

Marehemu aliweka kidole gumba kwenye kile kijidude cha kusomea alama. Taa nyekundu. Akafuta kidole kwenye suruali, akaweka tena. Nyekundu. Wakajaribu vidole vyote, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Chokaa ilikuwa imevilamba hadi vikawa laini kama mgongo wa kijiko.

"Kule hawakuwapa glavu?" aliuliza karani.

"Walisema zinakuja."

Karani alipenga kamasi. "Mama, shida si vidole tu. Nikiandika jina lake, kompyuta inaniambia amefariki. Siwezi kumpa kitambulisho mtu aliyefariki."

"Lakini si huyu hapa, mwanangu? Unamwona anapumua."

"Mimi namwona. Kompyuta ndiyo haimwoni. Leteni amri ya mahakama ya kumtoa kwenye kifo, na vidole visomeke vilingane na vya zamani. Hapo tutaongea."

Mahakamani walishakwenda. Kule waliambiwa kwa upole kwamba kifo kilicholetwa na amri huondolewa kwa amri, na aliyeomba kifo ndiye aombe uhai. Litoke tangazo jipya, mashahidi walioapa mwanzo waape upya, vidole vilinganishwe. Tena mahakama yenyewe iko likizo. Na kama vile hayo hayakutosha, karani wa mahakama akaongeza kwamba amri ikitenguliwa, urithi nao unatenguka: kiwanja kitarudi kwenye jina la zamani na manispaa wataanza moja. Mama Vifungo hakulala vizuri siku ile. Kila tofali la vyumba vile viwili lilitoka kwenye pindo la sketi ya mtoto wa mtu.

"Daktari ni keshokutwa," alimwambia karani wa vitambulisho. "Likizo yao haijui hilo."

Karani aliangalia foleni, akaangalia mlango wa bosi wake, akasogea karibu na kioo.

"Mama, mimi sijasema kitu. Ila mtu ambaye hayumo kabisa humu ndani, namwandika dakika chache. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha. Aliyekufa ndiye mgumu. Marehemu hakuwa na ndugu?" Akarudi nyuma, akapaza sauti. "Tunafunga saa tisa! Anayefuata!"

Walitembea kuelekea kwa Mwenyekiti, Marehemu akisimama kila kona kushusha pumzi. Mama Vifungo hakuwa amelielewa vizuri lile neno la karani, au alilielewa akaona heri aliache njiani. Alichotaka ni kimoja: Mwenyekiti aandike kwamba huyu ndiye yule. Barua ya kweli, yenye mhuri, aende nayo hospitali akawapigie magoti.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa kinyozi. Ofisi ya mtaa ilikuwa humo humo kinyozini. Mhuri ulikaa kwenye droo pamoja na mashine za kunyolea, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti la kijivu. Bila koti alikuwa kinyozi. Akilivaa, alikuwa serikali. Mtu akitaka barua, Mwenyekiti huweka mashine chini, hujipangusa nywele mikononi, huvaa koti, hukohoa, ndipo humuuliza, "Ndiyo mwananchi, una shida gani?" hata kama ni yule yule aliyekuwa akimnyoa sasa hivi.

Koti lilikuwa la Marehemu. Mama Vifungo alimpa Mwenyekiti kama shukrani baada ya kesi, naye akalipokea kwa heshima zote. Binti yao alipoolewa, Mwenyekiti ndiye aliyesimama mahali pa baba, ndani ya koti la baba. Tangu arudi, Marehemu hajalidai. Alisema ataona aibu kudai urithi wake mwenyewe.

"Karibu mama! Karibu Marehemu, kaa hapo kwenye kiti, miguu ipumzike."

"Tumekuja kikazi," alisema Mama Vifungo.

Mwenyekiti akavaa koti, uso ukabadilika. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama. Walipofika kwenye barua, alianza kutikisa kichwa kabla sentensi haijaisha.

"Hiyo siwezi."

"Huwezi kuandika kwamba unamjua? Mmekuwa majirani tangu mna nywele nyeusi!"

"Mama, mimi niliapa. Nilishika kitabu nikaapa kwamba huyu amekufa."

"Ulikosea. Sote tulikosea."

"Wewe uliomba. Kuomba si kosa. Mimi niliapa, tena nikatia chumvi." Mwenyekiti alifunga mlango, akashusha sauti. "Umesahau? Hakimu aliniuliza una uhakika gani. Akawa ameshachukua kalamu aahirishe tena. Nikakuona wewe pale benchi, umejikunja. Nikasema, mheshimiwa, maiti niliiona kwa macho yangu."

Mama Vifungo hakuwa amesahau. Alisikia siku ile, akajua ni uongo, akanyamaza, kwa sababu alikuwa amechoka kuahirishwa.

"Ilikuwa huruma tu," alisema Mwenyekiti. "Sasa nikiandika huyu yu hai, huruma ile inanipeleka jela. Nina wajukuu mimi."

Marehemu, pale kwenye kiti cha kunyolea, alijitazama kwenye kioo.

"Nilikuwaje?" aliuliza.

"Nani?"

"Maiti. Uliwaambia nilikuwaje?"

Mwenyekiti alitazama chini. "Nilisema umepumzika."

"Basi hapo ndipo ulipodanganya kweli kweli."

Wakacheka wote watatu, na kicheko kikamgeuka Marehemu kikawa kikohozi, kikohozi kikampeleka mbele, mikono miwili tumboni, jasho likamtoka. Walimshika hadi maumivu yakapita. Mwenyekiti alimfuta uso kwa taulo la kunyolea. Alipozungumza tena, hakuwa kinyozi wala serikali, alikuwa mzee mwenye hofu.

"Sikilizeni. Marehemu hakuwa na mdogo wake?"

"Hakuwa naye," alisema Mama Vifungo. "Unajua alizaliwa peke yake."

"Leo atakuwa naye. Barua hiyo naandika sasa hivi, na hakuna atakayeniuliza. Namtambua mtu huyu, mkazi wa mtaa wangu, mdogo wa marehemu, anaishi kwa shemeji yake."

"Unataka niseme mume wangu ni shemeji yangu."

"Nataka apasuliwe, mama. Akipona, mahakama ikifunguliwa, tutaangalia."

Wote watatu walijua maana ya tutaangalia. Ndiko walikolala wengi.

Lililomuuma Mama Vifungo zaidi si pendekezo lenyewe. Lililomuuma ni kwamba moyo wake, kabla ya kukasirika, ulitulia kidogo. Vyumba vingebaki. Shemeji hana kiwanja. Alijiona mtu mdogo kwa utulivu ule, akageuza uso asije Marehemu akausoma.

"Wewe unasemaje?" alimuuliza mumewe.

"Andika," Marehemu alimwambia Mwenyekiti. "Jina nilishalipoteza. Tumbo bado ninalo."

"Jina gani?"

Marehemu alifikiri, akataja jina la mjomba wake aliyemfundisha uashi. Mwenyekiti aliandika, akapiga mhuri, akaupuliza wino. Kisha, kwa kuwa mtu wa kupigwa picha hawezi kwenda na kichaka kichwani, akamnyoa bure, taratibu, akimzungukia kama anayeomba radhi kwa mashine. Alipomaliza alisimama kidogo, akavua koti.

"Chukua," alisema. "La kaka yako. Wewe ndiye ndugu wa karibu."

Marehemu aliliangalia. "Na serikali utaivaa nini?"

"Atanishonea nyingine ma... shemeji yako."

Alilivaa. Mabegani lilimpwaya, chokaa ilikuwa imekula na nyama. Vifungo vyote vilikuwa vyeusi isipokuwa cha pili, ambacho kilikuwa cha bluu. Mama Vifungo alikishona zamani sana, jioni moja vyeusi vilipomwishia. Kwa kifungo kile angeweza kumtambua mwenye koti hata gizani, lakini mahakama haiulizi habari za vifungo.

Walirudi ofisini foleni ikiwa imepungua na hasira za watu zimeongezeka. Karani alisoma barua bila kuinua macho. Bosi wake alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe, basi karani akauliza kwa sauti ya kazi.

"Huyu ni nani wako, mama?"

Mama Vifungo alikumbuka alivyoulizwa swali hilo hilo miaka ile, ofisini kwa mwandikishaji wa ndoa, akajibu huku akicheka.

"Shemeji."

"Mdogo wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Poleni kwa msiba," alisema karani, kwa mazoea, akaendelea kuandika.

Taa ya kijidude ikawa nyekundu kama asubuhi. Mama Vifungo alishika dirisha. Lakini karani alibonyeza kitu, akasogeza kidau cha wino.

"Mtu mpya halinganishwi na mtu. Naandika vidole vimeliwa na kazi. Weka dole gumba hapa, baba."

Marehemu aliweka. Lilibaki doa jeusi kwenye karatasi, halina mstari hata mmoja.

"Inatosha," alisema karani.

"Asubuhi halikutosha."

"Asubuhi ulikuwa mwingine. Kaeni pale, mtaitwa kwa picha."

Wakakaa kwenye benchi lile lile. Marehemu hakuitazama plasta tena. Joto na uchovu vilimshusha kichwa, akasinzia, mikono tumboni. Mama Vifungo alitazama saa ya ukutani, akapiga hesabu ya njia ya hospitali. Kama wangetoka sasa hivi, wangewahi. Watu waliitwa, wakainuka, wakapigwa picha, wakaondoka na vikaratasi vyao. Bosi alikunywa chai yake hapo hapo mlangoni.

Karani akaita lile jina jipya.

Hakuna aliyeinuka. Mama Vifungo mwenyewe lilimpita sikioni kama jina la mtu mwingine. Likaitwa tena. Watu wakaanza kuangaliana.

"Mara ya mwisho!" Karani alishika ile barua, akaanza kuishusha chini ya rundo. "Asiyekuwepo, kesho!"

Hapo ndipo Mama Vifungo alipogutuka. Alijua neno linalotakiwa. Alikuwa amelitamka muda si mrefu, na lilikuwa jepesi kulitamka mara ya pili. Akainuka, akafungua mdomo, na likatoka lingine, kwa sauti ile anayoitumia uani nyumbani kwake.

"Mume wangu! Amka, ni wewe unaitwa!"

Ukumbi mzima ukageuka. Marehemu akaamka, akasimama akiyumba, koti limefunguka. Mkono wa karani ukaganda na ile barua. Bosi akaweka kikombe juu ya kaunta. Mama Vifungo alijua ameharibu kila kitu, akajua pia kwamba hata wakimuua hatalirudisha neno lile. Alibaki amesimama.

Bosi alimtazama yeye, akamtazama mwanamume mwenye koti, akasoma ile barua mkononi mwa karani, juu hadi chini. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Mama," alisema, akachukua kikombe chake, "mwambie shemeji yako afunge koti. Picha haichukuliwi hivyo. Tunafunga."

Akaingia ofisini kwake.

Marehemu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha picha, anahangaika na vifungo, vidole vikiteleza. Mama Vifungo alipita mbele ya foleni yote, akapiga goti mbele yake, akaanza kumfunga koti kimoja kimoja, na alipofika kwenye kile cha bluu alikifunga polepole zaidi, huku karani, nyuma ya kamera, akingoja.